Kisima Tulichoambiwa Kimekauka

Nyumbani, 6 Januari

Baba Kifungo,

Salamu utazikuta mwishoni, maana sasa hivi nina hasira na bomba. Leo siku ya kumi na moja halijatoa hata kikohozi. Jana asubuhi lilitoa upepo, Kifungo akapiga kelele "Mama, linakuja!", nikatoka mbio na ndoo mbili, miguu peku, majirani wananitazama. Lilipiga chafya mara moja likanyamaza. Nikarudi ndani na ndoo zangu na aibu yangu.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa kuwa simu yako huko kambini haina kazi zaidi ya kujitazamia uso. Dereva wa lori la dizeli amekubali kunibebea kila wiki, kwa hiyo jiandae, utazisoma mpaka uchoke.

Hali ya maji ndiyo hii. Ninapata madumu matatu kwa siku kutoka bomba la sokoni, na foleni yake inaanza kabla jua halijachomoza. Maji ya kuoshea mboga yanaoshea vyombo, ya vyombo yanadeki, ya kudeki yanakwenda chooni. Mama yako anasema kila tone katika nyumba hii linafanya kazi kuliko mtoto wake aliyemzaa. Sijui anamsema nani. Cherehani langu limelala wiki nzima. Sare za shule za wateja ziko kwenye mfuko, na mimi niko kwenye foleni.

Sasa sikiliza la mama yako. Juzi amekaa uani akiutazama ule mfuniko wa kisima, kisha akaniuliza, "Mkwe wangu, kisima hiki kilikauka lini?" Nikamwambia miaka sita iliyopita. Akasema, "Na mvua zote za miaka sita zilinyesha kwa nani?" Anataka tumwite Mwashi avunje mfuniko alioujenga mwenyewe, tuone. Nimemwambia hatugusi kitu mpaka nikuulize wewe, fundi wa visima. Basi nakuuliza.

Jambo jingine tunalogombania ni mkaa. Anasema nachemsha maji kana kwamba yamenikosea. Wewe unajua kwa nini. Tangu mwanetu wa kwanza atutoke, hakuna mtu aliyekunywa kwangu maji ambayo hayajachemka, na kila yanapotokota nauona ule uji niliompa, uliokaa tangu asubuhi kwa sababu nilikuwa namalizia suruali ya mteja. Mama hajawahi kunisamehe uji ule. Hata mimi sijajisamehe. Basi tuyaache hayo.

Kifungo anakusalimu. Ametimiza miaka minne na anasema sasa yeye ni mzee.

Mkeo,
Mama Kifungo

*

Kambini, 10 Januari

Mama Kifungo, mke wangu,

Nimecheka peke yangu hadi wenzangu wakadhani jua limenipanda kichwani. Bomba lipige chafya! Pole sana. Huku nako ni vumbi tupu. Tumechimba mita sabini na kitu na tumepata mwamba mkavu kama kiatu cha askari.

Sasa nisikilize vizuri kwa sababu hapa sasa naongea kama fundi. Ukinunua maji kwa mtu wa mkokoteni, usimuulize kama ni safi. Hajazaliwa muuza maji atakayesema machafu. Muulize amejaza wapi, na dumu lilibeba nini kabla ya maji. Dumu lililobeba mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia mimea, hata ulisugue kwa mchanga wiki nzima, si la maji ya kunywa. Yakiwa na tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyachemshe. Chombo cha maji ya kunywa kiwe na mfuniko wakati wote, na uchote kwa kata yenye mpini mrefu, mkono wa mtu usiingie. Mkaa ukikushinda, nenda zahanati uombe dawa ya maji; ufuate kipimo watakachokupa, usikadirie kwa jicho. Nakusihi usiache kuchemsha, hata Mama aseme nini.

Ama kuhusu kisima, hapo hakuna maji. Mwambie Mama kisima si mtungi, mvua haimiminiki ndani moja kwa moja. Mkondo wa chini ukishahama umehama. Mfuniko ukivunjwa, mtapata shimo tupu la kumtumbukiza mtoto. Msihangaike nacho.

Mbusu Kifungo. Mwambie wazee hawalii wakichanwa nywele.

Mumeo,
Baba Kifungo

*

Kambini, 10 Januari

Mwashi, ndugu yangu,

Barua hii dereva atakupa mkononi. Ukiisha kuisoma, ichome.

Mama yangu anataka mfuniko wa kisima uvunjwe, na atakuja kwako maana ndiwe uliyeujenga. Nakuomba kwa urafiki wetu wa tangu utotoni, usiuvunje. Toa sababu yoyote itakayokujia.

Siku ile tulipoujenga uliniuliza kwa nini tunafunika kisima chenye maji, nikakwambia nina sababu zangu, nawe kwa heshima ukachanganya saruji bila kuuliza tena. Sasa nakwambia. Nilipochimba kisima kile nilipima hatua thelathini kutoka choo chetu, nikaridhika. Lakini kiwanja kile tulikinunua kwa mtu, na mtu yule alikuwa na choo cha zamani alichokifukia, upande wa juu wa mteremko, hatua nane tu kutoka kisimani. Nyumba yoyote ninayokwenda kuchimba, swali langu la kwanza ndilo hilo: choo cha zamani kilikuwa wapi? Nimewauliza watu baki zaidi ya mia. Kwangu sikuuliza. Mganga hajigangi.

Mwanangu alipofariki, wiki mbili baadaye niliteremka kukisafisha. Ukuta wa upande ule ulikuwa unavuja weusi, na harufu ile naijua. Nilipopanda juu nikamsikia mke wangu jikoni akimwambia shangazi yake kuwa yeye ndiye aliyemuua mtoto, kwa uji uliokaa. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na neno la kumtua mzigo ule, na sikulisema. Nilijiambia nitamwambia kesho.

Mwashi, kesho hiyo sasa ina miaka sita. Mke wangu akijua, sijui kama nitakuwa na pa kurudi. Nizuilie.

Rafiki yako,
Mchimbaji

*

Nyumbani, 13 Januari

Mchimbaji,

Nimeisoma nikakaa chini. Sikuichoma. Ukija utaichoma wewe.

Mama yako amekuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nyundo kubwa nimemwazima mtu. Mara ya pili nikamwambia kiuno kinaniuma. Mara ya tatu amekuja na mafuta ya kunichua kiuno. Unanielewa? Bibi wa miaka sabini anipigie magoti anichue kiuno kwa ugonjwa wa kubuni! Nilitaka ardhi inimeze.

Mimi ni mjenzi. Uongo naujua ukoje kwa sababu nimeona kuta zilizojengwa kwa uongo. Mimi nilimwaga zege juu ya kisima kile nikiamini unayakinga maji yasiingiwe na wanyama. Kumbe nilikuwa nafunika kingine. Sitakudanganyia tena. Sitamwambia mkeo pia, maana si neno langu, ni lako. Lakini mwandikie mara moja, kwa maneno yaliyonyooka: maji yapo na yanaua. Usimwambie nusu. Watu wenye kiu hawasikii nusu.

Mwashi

*

Nyumbani, 13 Januari

Baba Kifungo,

Umekosea, fundi! Mama amekuonyesha kazi.

Kwenye mfuniko kuna ufa pembeni, pale mti wa jirani ulipoingiza mzizi. Jana Mama amelala kifudifudi uani, kanga yake ikiwa imejaa vumbi, akadondosha kokoto kwenye ufa. Akaniita. Nikalala naye kifudifudi, Kifungo naye akalala kifudifudi, wanawake watatu tumetegea sikio shimo. Akadondosha la pili. Chubwi! Mimi mwenyewe nimesikia. Yamo maji, tena si haba.

Sikucheki wala sikulaumu. Hata fundi hukosea, na mkondo uliohama huenda umerudi. Lakini naomba ruhusa yako haraka. Bomba la sokoni sasa linatoa maji siku mbili kwa wiki. Juzi wanawake wawili walipigana kwa ndoo hadi mmoja akang'oka jino. Nimeanza kumwogesha Kifungo kwa kikombe kimoja cha chai, na jana alikunywa yale maji ya kuogea kabla sijamkamata. Nilimpiga, kisha nikalia mimi.

Mwashi anatukwepa, sijui tumemkosea nini. Lakini Mama amesema mtaimbo anao, na mikono anayo.

Nakungoja kwa hamu. Sema ndiyo.

Mama Kifungo

*

Kambini, 17 Januari

Mke wangu,

Hapana. Nimesema hapana, na nisikilize bila hasira.

Kisima kilichofungwa miaka mingi kinakusanya hewa mbaya. Mtu akikifungua na kuinama, anaanguka bila kupiga kelele, na anayemfuata kumwokoa anaanguka pia. Nimeona kwa macho yangu mafundi wawili wakifa hivyo. Basi hata kama kokoto limesema chubwi, msifungue. Mwambie Mama ni amri yangu kama kichwa cha nyumba. Na mtoto asicheze karibu na ufa ule.

Nimemwomba dereva, akipita kituo cha maji yaliyotibiwa akujazie mapipa mawili. Hayo yatawasogeza. Punguza kufua, nguo chafu haijawahi kumuua mtu.

Kuna jambo nataka kukueleza kuhusu kisima hicho, lakini ni refu, linataka tukae. Nikirudi nitakueleza. Kwa sasa niamini tu.

Mumeo,
Baba Kifungo

*

Nyumbani, 20 Januari

Baba Kifungo wangu,

Barua yako ya hewa mbaya imefika leo, na sisi tumekwisha kufungua tangu tarehe kumi na tano! Usinifokee, soma kwanza.

Mama na mimi tuliugonga mfuniko kwa mtaimbo asubuhi nzima, tukipokezana, yeye akigonga anataja majina ya maadui zake wote, wengine walikwisha kufa. Ulipofunguka hatukuinama hata mmoja. Unadhani nimelala kitanda kimoja na mchimbaji wa visima miaka minane bure? Nilikumbuka ulivyonifundisha mwenyewe: tukawasha taa, tukaishusha kwa kamba polepole hadi karibu na maji. Haikuzimika, iliwaka vizuri hadi chini. Hewa ni safi. Sasa na wewe ukubali umeshindwa na wanawake.

Na maji, mume wangu! Baridi, meupe, unaona hadi chini ya ndoo. Mama alikunywa kata nzima bila kupumua, akafuta mdomo akasema, "Mwanangu alijua kuchimba." Machozi yalimtoka. Nilitamani uwepo umsikie, maana hajakusifia tangu tuoane.

Nimegawia nyumba nne za jirani, ndoo mbili mbili kila siku, kwa zamu. Ningewezaje kufunga lango huku watoto wa watu wanalamba bomba? Muuza mkaa amenipa gunia kwa shukrani, kwa hiyo na kuchemsha naendelea, usiwe na wasiwasi. Mama anasema kuyachemsha maji haya ni kuyatukana, yeye anakunywa hivyo hivyo na hasikii la mtu. Kifungo nimemkatalia kabisa. Analia kwamba ya Bibi ni matamu na yangu yana moshi. Acha alie.

Lile jambo refu unalotaka kunieleza, nimeliwaza usiku mzima. Una mwanamke huko? Kama ni hilo niambie mapema nijue nani wa kumfuata na mtaimbo. Nacheka, lakini niambie.

Cherehani linaimba tena. Nimemaliza sare tisa. Nimekuwa na furaha ambayo sijaipata kitambo.

Wako,
Mama Kifungo

*

Nyumbani, 21 Januari

Mchimbaji,

Lori lilipasuka gurudumu ndiyo maana halijaondoka. Nimemkuta dereva, nimempenyezea hii iende pamoja na barua ya mkeo. Ile ya mkeo iliandikwa jana. Usiiamini furaha iliyomo, imepitwa.

Mama yako anaharisha na kutapika tangu usiku wa jana. Kifungo ameanza leo asubuhi. Mkeo anaapa mtoto hakunywa maji mabichi, ananiuliza mimi, "Shemeji, imekuwaje?" Nimemwambia awapeleke hospitali sasa hivi, nimewatafutia gari, nimemwambia amtajie daktari kisima. Aliniuliza kwa nini akitaje kisima wakati kilipimwa kwa taa.

Ulimwandikia habari ya hewa. Hewa, Mchimbaji!

Dereva ana nafasi mbele. Njoo naye.

Mwashi

*

Kambini, 24 Januari

Mke wangu,

Yamwageni. Yote. Ya kwenye ndoo, ya kwenye mtungi, ya majirani. Usiyaoshee kitu wala usimwagilie mimea. Mwambie daktari kwamba kisima kina maji ya choo. Mwambie hivyo hivyo bila haya.

Sasa nakwambia lililobaki. Kisima hakikukauka. Hakijawahi kukauka hata siku moja. Kuna choo cha zamani cha mwenye kiwanja kilichofukiwa hatua nane kutoka hapo, pale ulipopanda mchicha wako wa kwanza, na mimi fundi sikuuliza kabla ya kuchimba. Niligundua wiki mbili baada ya mazishi. Nikafunika.

Si uji wako. Sikiliza, mke wangu, haukuwa uji. Yalikuwa maji yangu. Mtoto wetu aliyanywa tangu alipoachishwa ziwa, na wewe ulimpikia nayo, ukamwogesha nayo, ukijisifu kwa majirani kwamba mumeo amekuchimbia kisima. Uji ule hata ungetoka motoni dakika ile asingepona. Nilikusikia ukijilaumu. Nilikusikia mara nyingi. Nilimsikia na Mama akikulaumu mezani, nikainamia sahani yangu. Kila mara nilitaka kusema, na kila mara nikaona utakavyonitazama, nikaahirisha.

Ningekuja mwenyewe na lori hili lakini msimamizi hawezi kuniachia, bomba la chuma liko nusu shimoni na mimi ndiye ninayelijua. Nikipata mwanya wa kwanza nitakuja. Niandikie mtoto anaendeleaje. Neno moja tu. Hata ukinitukana, anza na neno hilo.

Nisamehe.

Baba Kifungo

*

Hospitali, 28 Januari

Kifungo yu hai.

Nimeanza na hilo kwa sababu uliniomba, na kwa sababu mtu anayengoja habari ya mtoto asichezewe. Amewekewa maji ya mshipani siku tatu. Siku ya pili macho yaliingia ndani nikawa namwita hageuki. Leo amekaa kitandani, ameomba achanwe nywele. Mama bado dhaifu, yuko kitanda cha pili, lakini daktari anasema amevuka. Mtoto wa muuza mkaa naye aliharisha, amepona nyumbani.

Barua yako aliileta dereva mwenyewe hadi wodini. Niliisoma nikiwa nimesimama korido. Niliposoma pale "si uji wako" nilikaa chini sakafuni, watu wakadhani nimefiwa. Muuguzi akanishika bega akaniuliza, "Ni nani?" Nilikuwa nimefiwa, ndiyo, lakini miaka sita iliyopita, na ndiyo kwanza naambiwa amekufa kwa nini.

Halafu niliinuka nikaenda mbio nyumba zote nne. Mlango kwa mlango nilisema: mwageni maji yangu, yana choo. Wanawake waliokuwa wananibariki asubuhi walinitazama vile ulivyoogopa wewe kutazamwa. Haiui, Baba Kifungo. Inauma, lakini haiui. Kisha nikarudi kwa mtoto.

Dereva ni mtu mwema, hajui kuficha. Nilimwambia nasikitika msimamizi amekukatalia ruhusa. Akashangaa. Akasema, "Shemeji, msimamizi mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango wa lori. Mumeo ndiye aliyesema nipeleke barua tu." Kwa hiyo hata ukiwa unanitubia uongo wa miaka sita ulikuwa na nafasi ya kupenyeza mwingine mdogo. Nimecheka. Kicheko changu kimemwamsha Kifungo.

Nikwambie jinsi mtoto alivyokunywa. Mama amenieleza mwenyewe, akilia. Alikuwa anampa kwa siri kila nilipokwenda kwenye cherehani, kikombe kidogo, kwa sababu alimhurumia na moshi wa maji yangu. Sasa anajipiga kifua. Anasema, "Mimi ndiye niliyetaka kumuua mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyevunja mfuniko. Mwanangu alikataza, sikusikia." Anasema hivyo asubuhi na jioni. Na ameniambia kitu ambacho sikutegemea kukisikia maishani: "Mkwe wangu, sasa najua ulivyokuwa unajisikia kwa ule uji. Nisamehe maneno yangu."

Barua yako ilikuwa kifuani kwangu, ndani ya nguo, aliponiambia hayo. Aliiona imechomoza. Akauliza, "Mwanangu ameandika? Anasemaje?" Uso wake ulichangamka, ule uso ulionyauka. Nikafungua mdomo nimsomee.

Nikasema, "Anakusalimu, Mama."

Akashukuru, akageukia ukuta, akalala.

Nimegundua ni rahisi hivyo. Maneno mawili tu, na chumba kinatulia. Sikujua kama ni rahisi hivyo, na kwa dakika moja nilikuelewa kabisa, nikakuhurumia. Lakini sikupata usingizi. Nimekaa kati ya vitanda viwili nikimsikia mama yako akilia kwa kosa lako, kama nilivyolia mimi, na mimi nanyamaza, kama ulivyonyamaza wewe. Siku moja tu nimeshindwa. Nimekonda kwa siku moja. Wewe uliweza miaka sita, ukala, ukacheka, ukanipa mtoto mwingine. Hilo ndilo nisiloweza kulimeza. La choo ni kosa la kazi, na kazi ina makosa. Lakini ulinitazama nikijiita muuaji, ukaomba chumvi.

Sijui kama mimi na wewe bado tuna nyumba. Usiniulize sasa. Sitaki msamaha wako uje na lori, wala maelezo, wala mapipa ya maji.

Nataka hili tu. Tarehe thelathini na moja dereva ataondoka tena huko kuja huku, na kiti cha pembeni yake kitakuwa tupu. Uketi hapo. Uje hadi kitanda cha mama yako umwambie kwa mdomo wako kwamba si yeye, na useme mbele yake kwamba kwa mtoto wetu wa kwanza sikuwa mimi.

Ukituma barua badala yako, nitaisoma. Nitaisoma kwa sauti, na hii ya kwanza pamoja nayo, mstari kwa mstari, wodi nzima ikisikia.

Mimi,
Mama wa watoto wako wawili